Ndama wa Soin

Habari yoyote iliyotaka kufika mbali katika soko lile, njia ya kwenda Kapkatet, ilipita kwanza kwenye benchi la Syprose. Ndivyo watu walivyosema, na Syprose mwenyewe hakuwahi kuwakanya. Hoteli yake ilikuwa ya mbao na mabati, imebanwa kati ya kinu cha posho na kibanda ambapo wakulima walipimiwa majani yao ya chai, na tangu asubuhi hadi mvua ya mchana ilipoanza kupiga, ndani hamkuwa na mahali pa kuweka goti. Wachumaji waliingia na karatasi za nailoni bado zimewafunga viunoni. Madereva wa malori waliingia, na walimu waliotoroka mikutano, na kina mama waliokuja kunywa chai, na wengine waliokuja tu kuwatazama wanaokunywa. Syprose aliletwa huku kutoka upande wa ziwa na mumewe Opondo, fundi wa boila katika kiwanda cha chai kule Kericho, ambaye alionekana nyumbani mwisho wa mwezi tu. Kikipsigis alikijua cha kutosha kusikia akisengenywa, na Kikisii cha kutosha kumjibu anayesengenya.

Sasa fikiria mtu kama huyo apate habari ambayo hawezi kumwambia mtu.

Ilianza siku alipoinua sufuria kubwa ya maharagwe kutoka jikoni. Alihisi kitu kikimsukuma kutoka ndani, juu kidogo ya kitovu, kama mgeni anayebisha hodi kwa kidole kimoja. Akaenda nyuma ya pazia, akainua sweta. Kilikuwa na ukubwa wa limau, laini, hakiumi. Akalala chali kitandani, akakibonyeza. Kikaingia ndani kwa mlio mdogo, kwruu, kama tumbo la mwenye njaa, na ngozi ikabaki tambarare kana kwamba hakuna kilichotokea. Akasimama, akakohoa. Hicho hapo tena.

Mtu mwingine angeogopa papo hapo. Syprose aliogopa pia, lakini baadaye. Kwanza alitaka kuona. Alikohoa tena, kikaja. Alilala, kikaenda. Alipiga chafya, kikatoka haraka kuliko alivyotarajia. Alijaribu kucheka bila sababu, peke yake nyuma ya pazia, na kicheko cha kujilazimisha kilipogeuka kuwa kicheko cha kweli, kile kitu kilichezacheza chini ya ngozi kama kinacheka naye.

Woga ulikuja kilipoanza kukua. Mvua zile za El Nino zilipoingia, zikang'oa madaraja na kugeuza barabara kuwa uji, mgeni wa Syprose alikuwa amefikia ukubwa wa parachichi, na jioni, baada ya kusimama kutwa nzima, alikuwa anavuta na kuuma.

Unaweza kuuliza mbona hakwenda hospitali. Ni hayo mabenchi. Syprose alijua habari zinavyopikwa kwa sababu mpishi alikuwa yeye. Mtu mmoja angesema, Mama Akello, kama walivyomwita sokoni, amevimba tumbo. Kufika kibanda cha majani, ingekuwa ni jipu. Kufika kanisani, jipu limepasukia ndani ya unga wa mandazi. Nani angekaa tena kwake? Angebaki na sufuria zake na nzi wake. Hicho ndicho alichokiona kila alipofikiria kumwambia mtu: mabenchi matupu, na mvua ikipiga mabati bila mtu wa kulalamika naye.

Bochaberi, aliyeuza ndizi mbele ya mlango wake, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona.

"Mama Akello, hiyo sweta yako siku hizi imekuwa fupi mbele."

"Imeingia maji. Sufi hurudi."

"Imerudi mbele peke yake?" Bochaberi akachuma ndizi moja kutoka kwenye mkungu, akaimenya pole pole, macho hayajatoka kwenye sweta. "Mimi sijasema kitu. Mungu akitaka kumpa mtu baraka, hata uzeeni, nani atamzuia?"

Syprose akafungua mdomo kukataa, halafu akaufunga. Mimba! Mimba ilikuwa habari tamu. Mimba haifukuzi mteja. Inaleta wengine, waje kuona.

"Sijasema kitu," akamjibu.

"Hujakataa pia."

Kufikia saa ya chakula soko zima lilikuwa linajua kwamba Opondo, pamoja na umbali wote ule wa Kericho, bado alikuwa mwanamume wa kazi.

Habari ya uongo ilimpa Syprose nafasi ya kupumua, lakini haikumpa dawa. Na dawa, akafikiri, huenda ilikuwa inaingia hotelini mwake kila asubuhi, ikiongoza punda mwenye mikebe ya maziwa. Mzee Johana alikuwa mkulima wa chai na ng'ombe, mwembamba, kofia haimtoki kichwani, na kutoka kwake hadi upande wa Longisa watu walimjua kwa jambo moja: ndama aliyezaliwa na kitovu kilichovimba, kitu kimetoka nje kama mfuko, alipelekwa kwa Johana, na Johana alimfunga, na ndama alipona.

Asubuhi moja Syprose alimwekea mzee chapati ambayo hakuiagiza.

"Mzee Johana, nikuulize kitu ya ng'ombe."

"Uliza. Lakini kama ni maji kwa maziwa, hiyo ni mvua iliingia kwa mkebe."

"Si maji. Dada yangu ako na ndama huko Soin. Imetoka kitu hapa kwa kitovu."

Johana akaweka kikombe chini. Mambo ya siasa aliyasikiliza akitafuna. Mambo ya ndama alikaa wima.

"Ya kiume ama ya kike?"

"Ya kike."

"Ukiilaza chali, hiyo kitu inarudi?"

"Inarudi. Inalia kwruu halafu inaingia."

"Vizuri. Inakula?"

"Hiyo kula! Inakula kila kitu, hata ugali ya jana."

"Ugali?"

Syprose akapangusa meza ambayo ilikuwa safi. "Dada yangu hutupa makombo."

"Mwambie aache. Na ikikohoa?"

"Inatoka yote. Hata ikicheka."

Mzee akamtazama. "Ikicheka."

"Ikilia. Nimesema ikilia."

"Iko na miezi ngapi?"

Hapo alikwama. Hesabu za ndama hakuzijua. "Imekomaa kidogo. Imeshazaa, hata."

"Mama Akello, kitu imeshazaa si ndama. Hiyo ni ng'ombe."

"Kwetu zote ni ndama."

"Nyinyi watu wa samaki!" Johana akacheka hadi kofia ikamwangukia machoni. Kisha akasugua kidevu. Ng'ombe mzima hakuwahi kumfunga. Lakini hakuwa mtu wa kurudisha swali bila jibu, na chapati ilikuwa imeshaliwa. "Kitovu ni kitovu," akasema mwishowe. "Atafute tyubu ya baiskeli, aikate iwe pana kama kiganja. Akunje kitambaa kiwe kigumu. Airudishe hiyo kitu ndani, aweke kitambaa juu ya tundu, halafu azungushe tyubu mpaka mgongoni, akaze. Akae hivyo mpaka tundu ichoke kufunguka. Na siku ikikataa kurudi ndani, uniambie siku hiyo hiyo. Umesikia?"

Syprose alisikia. Mchana ule alikwenda kwa fundi wa baiskeli kununua tyubu.

"Na huna baiskeli, mama," fundi akamwambia.

"Nitanunua. Mtu huanza na tyubu."

Siku za kwanza alihisi kama amezaliwa upya. Mgeni alibaki ndani. Alisimama wima, aliinua ndoo, alikohoa kwa furaha kuona kama kuna kitakachotokea, na hakuna kilichotokea. Jasho lilimwasha chini ya mpira, na usiku akifungua alikuta ngozi imechubuka, lakini hayo yalikuwa madogo. Kilichomshangaza ni kwamba kila alipofungua na kusimama, kitu kilitoka palepale, kama mtu aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango akingoja. Tundu halikuwa linachoka. Akiingiza kidole, alihisi ukingo wake, mviringo na mgumu, kama mdomo wa chupa, na aliona kwamba kadiri siku zilivyopita ndivyo kidole kilivyopata nafasi zaidi. Akajiambia ni kidole kimekonda.

Wakati huohuo ndama wa Soin alikuwa ameanza maisha yake mwenyewe.

"Ndama ameamkaje?" Johana aliuliza kila asubuhi kabla hajafungua mkebe. Waliokuwa kwenye mabenchi wakauliza ndama gani. Johana akawaeleza. Na kwa kuwa mvua ilikuwa imewafungia humo bila kitu cha kufanya, kila mtu akawa na neno lake. Mmoja alisema apakwe mafuta ya kondoo. Mwingine alisema ni kijicho cha jirani. Wachumaji wawili karibu wagombane juu ya rangi ya ndama, ingawa hakuna aliyemwona.

Mwalimu Gibson, aliyefundisha sayansi shule ya msingi, ndiye aliyeinua kichwa kutoka kwenye gazeti. "Hiyo inaitwa hania. Wengine husema ngiri. Hata binadamu huipata."

Mkono wa Syprose ukasimama juu ya birika.

"Binadamu?" akauliza, kama asiyejali.

"Kabisa. Nyama ya tumbo ni kama ukuta. Ukuta ukipata mwanya, utumbo unachungulia nje. Kwa kinena, kwa kitovu, hata pahali mtu aliwahi kupasuliwa."

"Kwa hivyo ile kitu laini ni utumbo?"

"Ni utumbo, ama mafuta ya ndani. Ndiyo maana inalia."

Kumbe huyo ndiye mgeni! Syprose alijishika ubavuni bila kujua. Siku zote alidhani ni kitu kilichomwingia. Sasa alikuwa anaambiwa ni yeye mwenyewe anayetoka.

"Na binadamu hufungwa na nini, mwalimu?"

"Binadamu hafungwi. Binadamu hupasuliwa, ukuta unashonwa."

Benchi zima likasema "aiii" kwa sauti moja, na mtu akaomba mazungumzo yageuzwe kwa sababu kuna watu wanakula. Syprose akamimina chai hadi ikafurika kikombe. Aliwaza kisu, halafu akawaza mabenchi, na usiku ule akakaza tyubu zaidi.

Mambo yangeendelea hivyo kama Johana hangepata wazo la kwenda Soin. Hakulala vizuri, akasema, kwa ajili ya yule ng'ombe. Hajawahi kufunga mnyama bila kumwona, na ilimsumbua kama anamfunga mtu gizani. Dada yako anakaa wapi hasa? Karibu na soko, ama chini mtoni? Syprose akasema daraja limechukuliwa na maji. Johana akasema atapitia juu. Syprose akasema dada amesafiri. "Na ng'ombe amesafiri?" akauliza mzee, na watu wakacheka, na Syprose akacheka nao akiwa na uchungu chini ya mpira ambao haukuwa wa kawaida.

Uchungu ule ulikua usiku kucha. Asubuhi aliwasha jiko kama kawaida, akakanda unga, akatapika nje nyuma ya kinu, akarudi akakanda tena. Chini ya tyubu kulikuwa na kitu kama jiwe. Alilala chali sakafuni, akabonyeza, hakikuingia. Akabonyeza tena, macho yakamtoka. Hakikulia kwruu. Hakikusema lolote.

Punda akafika. Johana akaingia na mkebe, maji yakichuruzika kutoka kwenye kofia.

"Chamgei. Ndama ameamkaje?"

"Amezidiwa," Syprose akasema. Alikuwa ameshikilia ukingo wa meza.

"Namna gani?"

"Ile kitu imekuwa ngumu. Imekataa kurudi."

Mzee akaweka mkebe chini pole pole. "Anakula?"

"Hata maji haikai."

"Mavi?"

"Hakuna, tangu jana."

Johana akavua kofia, jambo ambalo Syprose alikuwa amemwona akilifanya kanisani tu.

"Pole, mama. Mwambie dada yako asipoteze wakati. Achinje leo, nyama ikiwa bado nzuri."

"Kuchinja?"

"Tundu imeshika utumbo shingoni. Damu haipiti. Angekuwa karibu, tungeita daktari wa mifugo sasa hivi, lakini na hizi barabara... Ikifika kesho utumbo umeoza ndani, na hiyo nyama hata mbwa hatagusa."

Syprose alitaka kucheka. Ndivyo alivyokuwa ameumbwa. Jambo likiwa baya sana, kicheko kilimjia kwanza. Lakini kicheko kilimkata katikati kama panga, na akateremka na meza mpaka sakafuni.

"Mzee. Hakuna ndama."

"Imekufa tayari?"

"Sina dada Soin. Sina ng'ombe." Akainua sweta. Tyubu nyeusi ilikuwa imembana kiunoni, na juu yake ngozi ilikuwa imevimba na kugeuka rangi ya zambarau. "Ni mimi."

Johana alitazama. Kisha akapiga magoti, akatoa kisu chake cha kukatia kwato, akakata tyubu kwa mkupuo mmoja.

"Miaka hii yote nakula kwako," akasema, sauti imekwaruza, "na unaniachia nikufunge kama mnyama?"

"Ulifunga vizuri..."

"Nyamaza, mama." Akamkunja magoti, akamwekea gunia tupu chini ya kichwa. Nje, injini ya lori la majani ilikuwa inanguruma. Karani alikuwa anamaliza kupima. Johana akatazama mlangoni, akamtazama tena. Alikuwa mtu mzima, alijua soko. "Lori linaondoka sasa. Nikiita, kila mtu atajua, na watajua ni nini. Nisipoita, utakufa hapa na jiko likiwaka. Sema wewe."

Syprose akageuza kichwa. Kutoka pale sakafuni aliyaona mabenchi kwa chini, miguu yao ya mbao, matope yaliyoganda, chuma cha msumari kilichokuwa kinachana suruali za watu. Aliyatazama sana. Halafu tumbo likampiga tena.

"Ita," akasema.

Na mzee aliita. Alitoka mvuani akapiga kelele kwa Kikipsigis na kwa Kiswahili, na soko lote likaja kwa mara moja. Walimpandisha nyuma ya lori, akalazwa juu ya magunia ya majani mabichi yaliyolowa, na Bochaberi akaruka juu bila kuulizwa, akakipakata kichwa chake.

"Mtoto anakuja mapema!" Bochaberi aliwapigia watu kelele. "Mtuombee!"

"Hakuna mtoto, Bochaberi."

"Unasema nini?"

"Si mimba. Ni utumbo."

Bochaberi akaitazama sweta. Lori liliyumba kwenye matope, minyororo ya magurudumu ikigonga, harufu ya majani ikipanda kama chai ambayo bado haijapata moto. Ikapita kona nzima.

"Utumbo wa nani?" akauliza hatimaye.

Hospitalini walikutana na daktari mwanamke, Daktari Nyamoita, mfupi, asiye na maneno mengi. Aligusa uvimbe kwa ncha za vidole, akauliza ulikataa kurudi tangu lini, akauliza kuhusu kutapika na choo, na hata kabla hajapata jibu la mwisho alikuwa ameshaagiza dripu na chumba cha upasuaji. Kisha akaona alama ya mpira iliyozunguka kiuno.

"Hii nini?"

"Ni mimi," Johana akasema kutoka mlangoni. Alikuwa amening'inia nyuma ya lori njia nzima. "Nilimfunga kama ndama. Sikujua ni yeye."

Sista mmoja akaziba mdomo. Daktari hakucheka. Wakati wengine wanamtafuta Syprose mshipa, alimjibu mzee kama anavyojibiwa mtu aliyeuliza swali la maana.

"Ndama wako hupona?"

"Wengi."

"Ni wachanga. Tundu la kitovu bado linajifunga lenyewe, uweke tyubu usiweke. Hata watoto wetu wako hivyo. Wengi wa wale wenye kitovu kikubwa, kabla ya kuanza shule kimerudi. Huyu ni mama mzima. Ukuta wake umepanuliwa na uzazi na mizigo. Huu mlango haujui tena kujifunga, na kila siku unapanuka. Sasa niambie, ndama ambaye tundu lake linaingia vidole vitatu, unamfanyaje?"

Johana akaangalia vidole vyake. "Huyo sifungi. Naita daktari wa mifugo."

"Na yeye?"

"Hushona."

"Basi na mimi naenda kushona."

Syprose, na sindano mkononi na uchungu ukimpanda hadi kooni, bado alikuwa anasikiliza. "Daktari," akasema, "utanionyesha?"

"Nikuonyeshe nini?"

"Huko ndani. Vile kulivyo."

"Utakuwa umelala, mama. Nitakuhadithia."

Na alimhadithia, kesho yake, akiwa amesimama kando ya kitanda. Kipande cha utumbo kilikuwa kimekwama tundu limekikaba, kimekuwa cheusi kama ini. Walipanua tundu, wakakiachilia, wakakifunika kwa vitambaa vilivyoloweshwa maji moto ya chumvi, wakangoja. Hapo ndipo panapoamuliwa, daktari akasema: kikibaki cheusi, kinakatwa na kutupwa. Kilianza kuwa chekundu ukingoni, pole pole, kisha katikati. Wakakirudisha nyumbani, wakavuta ukuta pande mbili, wakaushona kwa uzi wa nailoni usiooza.

"Kwa hivyo nimepona?"

"Bado. Utumbo umelala. Nataka kuona kama utaamka. Usile, usinywe, mpaka utoe hewa."

"Hewa gani?"

"Hewa, mama. Huko chini. Ikitoka, tunajua njia imefunguka na kile kipande kinafanya kazi. Isipotoka, tumbo likianza kujaa, itabidi nikufungue tena nikikate."

Hivyo ndivyo Syprose, aliyekuwa ameficha uvimbe wake nyuma ya pazia, chini ya sweta, chini ya tyubu, ndani ya mimba ya uongo na ng'ombe wa Soin, alivyojikuta amelala katikati ya wodi, mrija puani, huku watu wote wakingojea ushuzi wake.

Maana walikuja. Hilo ndilo lililomshinda. Wachumaji walikuja na gambuti zao za matope hadi sista akawaamuru wazivue mlangoni. Mwalimu Gibson alikuja na gazeti. Bochaberi, aliyekuwa amefungua hoteli kwa niaba yake, alikuja akilalamika kwamba hana hata nafasi ya kugeuka. Watu wanajazana kusikia habari, na kila anayekuja kusikia anakunywa chai. Hakuna aliyesema jipu. Kila mmoja aliyekaribia alitaka kujua jambo lile lile.

"Bado?"

"Bado," Syprose alijibu, akiona aibu mwanzoni, kisha akichoka kuona aibu.

Johana alikaa mguuni mwa kitanda, kofia mapajani. Kila mara alimwuliza sista kama tumbo linajaa, na sista alipoweka kipimo chake cha masikio na kusema anasikia kidogo tu, mbali sana, mzee alishusha macho.

Kisha Opondo akafika kutoka Kericho. Habari ilikuwa imemfikia kiwandani ikiwa ya zamani, ile ya mimba, na nusu ya ile mpya, kwamba mkewe amepasuliwa. Alisimama mlangoni akiwa na masizi ya boila kwenye shingo na shali nyeupe ya mtoto chini ya kwapa, akatazama kitanda, akatazama chini ya kitanda.

"Yuko wapi?"

"Nani?" akauliza Bochaberi.

"Mtoto!"

Watu wakaangalia madirishani. Syprose akamtazama mumewe, shali ile, uso ule uliokimbia njia yote ukiwa na furaha na hofu kwa pamoja, na kicheko kikamjia. Alijaribu kukizuia, akashika mshono kwa mikono miwili kama alivyofundishwa. "Yawa, Opondo," akasema, "mtoto ni utumbo..." na hakuweza kuendelea, akacheka bila sauti, machozi yakimtiririka masikioni. Na hapo, chini ya blanketi la serikali, wakiwa wote wamenyamaza kumsikia atasema nini, kitu kikalia.

Hakikuwa kidogo.

Johana alikuwa amesimama.

"Sista!" Bochaberi akapiga kelele. "Sista, njoo!"

Sista akaja mbio. "Nini?"

"Imetoka!"

"Mgonjwa ndiye aseme. Mama, imetoka?"

"Imetoka," Syprose akasema.

"Sawasawa?"

"Ile kabisa!" wodi nzima ikajibu, hata mama mzee wa kitanda cha mwisho ambaye hakuwa amesema neno tangu aletwe. Bochaberi akapiga kigelegele. Wachumaji wakakidaka, kikatoka nje ya dirisha, kikazunguka hadi kwenye foleni ya dawa, ambako watu walidhani kuna mapacha. Johana akarudi chini kwenye kiti, akafunika uso kwa kofia, mabega yakimtikisika, na hakuna aliyejua kama ni kucheka. Opondo alibaki amesimama na shali yake, akigeuka kwa huyu na kwa yule.

"Jamani, mtu anieleze. Mimi ni mume wake!"

Mwalimu Gibson akakohoa, akakunja gazeti. "Unaona, Bwana Opondo, ukuta wa tumbo..."

"Mwalimu, wacha," Syprose akasema. Sauti ilikuwa nyembamba kwa sababu ya mrija, lakini ilikuwa yake. Mlangoni watu wengine walikuwa wamejaa, wameitwa na kigelegele, wakisimama kwa ncha za vidole waone. "Hiyo habari ni yangu. Na nyinyi wa huko nyuma ingieni, msinizibie mlango. Opondo, keti hapa. Sasa, siku hiyo nilikuwa nainua maharagwe..."